Karoti Mwitu na Deni Letu Kwake

Ng'oa karoti mwitu kando ya barabara huko Ulaya, utatoka na kijiti cheupe, chembamba, kikavu. Hakitafuniki. Lakini kivunje ukinuse: harufu ni ya karoti kabisa. Juu ya mmea maua meupe madogo yamejipanga kama mwavuli, na mara nyingi katikati pana ua moja la zambarau iliyokoza, kama nzi aliyetua.

Kijiti hicho na karoti ya kwenye kachumbari ni spishi moja, Daucus carota, yenye jozi 9 za kromosomu. Vikiota jirani, wadudu huvichanganya chavua, na wazalishaji wa mbegu huungua roho.

Karoti ilianza kulimwa Asia ya Kati yapata miaka 1,100 iliyopita, ikiwa ya zambarau na ya njano. Mazao mengi, yanapotoka porini kuingia shambani, huacha nyuma sehemu kubwa ya urithi wake, maana mkulima huchagua mimea michache tu. Karoti haikupungukiwa hivyo: uanuwai wa kijenetiki wa karoti za shambani unakaribia ule wa porini. Tabia yake ya uzazi imechangia. Ua humwaga chavua kabla sehemu yake ya kike haijawa tayari, kwa hiyo hutegemea chavua ya jirani; na ukiilazimisha karoti ijichavushe vizazi kadhaa, inadhoofika.

Rangi ya chungwa ilikuja baadaye, Ulaya. (Ile hadithi ya Waholanzi kuitengeneza kwa heshima ya ukoo wao wa kifalme ni tamu, ila haina ushahidi.) Jenomu ya karoti iliposomwa mwaka 2016, zilionekana jeni zipatazo 32,000, na jambo likawa kinyume cha tulivyodhani: chungwa hutokana na jeni zilizoharibika. Jeni moja, iitwayo Y, huuzuia mzizi kufanya kazi za jani. Ikiharibika, mzizi uliofukiwa gizani hujiendesha kama umeona mwanga, na karotini, yaani rangi ya chungwa yenyewe, hujaa. Ndiyo sababu ukichanganya karoti ya chungwa na ya mwituni, watoto huzaliwa weupe: jeni nzima moja inatosha kuirudisha breki.

Mbegu chotara tunazonunua nazo zina deni porini. Mwaka 1953, Massachusetts, Marekani, ilipatikana karoti mwitu ambayo stameni zake ziligeuka petali. Haitoi chavua, kwa hiyo haijichavushi, na mbegu zake hulazimika kuwa chotara. Mama wa namna hiyo ndiye msingi wa sehemu kubwa ya chotara duniani. Ni urahisi mkubwa kwa makampuni, ila mimi hunitia wasiwasi, kwa kuwa urithi huo hupita kwa mama peke yake, na mama ni mmoja.

Mkulima wa nyanda zetu za juu hukutana na suala hili la urithi kwa mlango mwingine. Anavuta karoti, inatoka na miguu miwili na vinundu kwenye vimizizi: minyoo fundo. Jeni ya kuikinga karoti dhidi ya aina moja ya minyoo hao ilipatikana kwenye karoti iitwayo Brasilia, iliyozalishwa Brazili kwa ajili ya joto.