Mwashi aliyekataa kuweka jiwe la msingi



Jumapili ya leo nakuomba twende wote Uluguru, hadi kigango kimoja cha njia ya Mgeta ambako waumini wanajenga kanisa jipya. Ujenzi wa milimani unaujua. Lori la mawe linaishia chini barabarani, na kuanzia hapo ni kichwa na bega. Misa ikiisha, kila mtu anabeba jiwe lake, watoto wanabeba ya kwao madogo, akina mama wanapandisha ndoo za mchanga kutoka mtoni. Siku niliyofika, aliyetangulia mstari alikuwa mzee anayekaribia miaka sabini, jiwe begani, anapumua kama mtu asiye na haraka.

Mzee huyo ndiye mwashi anayeheshimiwa kuliko wote upande ule. Kamati ya ujenzi ilimwomba asimame na padri siku ya kuweka jiwe la msingi, aliweke yeye. Akakataa. Alisema atabeba mawe, atachanganya zege, atawafundisha vijana kutumia timazi, lakini mkono wake hautaweka jiwe katika nyumba ya Mungu. Baadhi walidhani ana kinyongo na kamati. (Tuseme ukweli, kamati zetu za ujenzi haziishi kutupa sababu za kinyongo.)

Nilimwamkia, tukakaa kivulini, nikamwuliza. Akanitazama kidogo. "Mwanangu," alisema, "hujasoma habari za Daudi?"

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yetu mpaka Mto Kagera. Wakaua watu, wakapora mifugo, wakavunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutampiga. Walioitika hawakuwa askari wa Jeshi la Wananchi peke yao. Walikuwamo polisi, magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, na mgambo kwa maelfu, watu waliotoka shambani na jembe bado lina udongo. Mzee wetu alikuwa mmoja wa hao mgambo. Alipanda treni Morogoro akiwa na miaka ishirini na ushee, hajawahi kuona Ziwa Victoria.

Hajutii kwenda. Hilo alilisema mara mbili, nami naliandika kama alivyolisema. Aliona vijiji vya Kagera vilivyoachwa nyuma na wavamizi, na mpaka leo anaamini vita ile ilikuwa ya haki. Kinachomsumbua ni Masaka.

Februari 1979 majeshi yetu yaliuteka mji wa Masaka, ndani ya Uganda. Mizinga iliupiga sana, na sehemu kubwa ya mji ikawa kifusi. Kazi ya mzee ilikuwa kubeba makombora begani, kutoka kwenye gari hadi kwenye mizinga. "Bega hili hili," alisema, akiligusa. Walipoingia mjini alimwona mama mmoja anafukua matofali kwa mikono. Aliyatazama yale matofali. Yalikuwa yamechomwa vizuri, na kipande cha ukuta kilichobaki kilikuwa kimenyooka. Fundi aliyejenga pale alikuwa fundi kweli.

"Sikumwuliza yule mama anatafuta nini," alisema.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Wengine walibaki huko, wengine wamelala Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wetu. Yeye alirudi Morogoro, na nchi aliyoikuta ilikuwa imechoka. Sukari foleni, sabuni foleni, saruji ndiyo usiseme. Mwalimu alikuwa ametuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati ule watakwambia mkanda ulikaa muda gani.

Kibarua alikipata Mazimbu. Pale kwenye shamba la zamani la mkonge, serikali yetu ilikuwa imewapa ardhi wapigania uhuru wa ANC wajenge shule kwa ajili ya vijana wao waliokimbia Afrika Kusini baada ya mauaji ya Soweto ya 1976. Wakimbizi wenyewe walijenga, na Watanzania walijenga pamoja nao. Mzee alianza kwa kusomba maji, akapanda kuwa saidia fundi, na hatimaye akakabidhiwa mwiko. Shule ile iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, siku tano tu kabla ya Kampala kuanguka. Mzee alikuwa karibu rika lake. Leo majengo yale ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na ukipita unaweza kuona kuta ambazo huenda ni za mkono wake. Mwenyewe anazijua zote.

Sasa turudi kwa Daudi. Katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 22, Daudi anamweleza mwanawe Solomoni kwa nini yeye hakuruhusiwa kulijenga hekalu: alikuwa amemwaga damu nyingi. Mzee alilisikia somo hilo miaka mingi iliyopita, na hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Alikwisha kuungama mambo ya Masaka, padri akamwondolea, naye anapokea Komunyo. Hana shaka kwamba amesamehewa. Ila kusamehewa, kwake, hakumfanyi mtu awe wa kuweka jiwe lile.

Nilijaribu kubishana naye. Nilimwambia kwamba Maandiko yanalisimulia jambo hilo kwa namna zaidi ya moja. Katika 1 Wafalme 5, Solomoni anamwambia Hiramu kwamba baba yake hakujenga kwa sababu vita vilimzunguka pande zote, damu haitajwi. Na katika 2 Samweli 7, Daudi anapotaka kumjengea Mungu nyumba, Mungu anageuza maneno na kuahidi kwamba Yeye ndiye atakayemjengea Daudi nyumba. Nilidhani nimeshinda. Mzee alitabasamu, akaniambia nisome mbele kidogo katika ile sura yake ya 22. Daudi aliyekataliwa hakwenda kulala. Alikusanya mawe ya kuchongwa, chuma cha misumari, mierezi isiyohesabika, akamwachia mwanawe. "Hakupewa kuweka," alisema, "lakini kubeba hakunyimwa." Kisha akasimama, akarudi barabarani kuchukua jiwe lingine.

Mimi nilibaki pale kivulini na aibu yangu. Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa waliokufa, na ni haki yao. Waliorudi tunakaa nao benchi moja, tunawapa amani ya Kristo kwa mkono, tunawaita tukiwa na ukuta wa kupiga lipu. Mzee huyu ameishi katika kigango hicho zaidi ya miaka arobaini. Nilimwuliza ni nani mwingine amewahi kumwambia habari za yule mama wa Masaka. Alitaja padri wa kitubio, ambaye ni marehemu, na mkewe. Ndugu msomaji, pengine katika jumuiya yako ndogo ndogo yupo wa namna hiyo, na unachojua juu yake ni kwamba anajenga vizuri.

Jiwe la msingi liliwekwa wiki mbili baadaye. Sikuona haja ya kubishana tena, na padri naye, kwa hekima yake, hakumlazimisha. Aliyeliweka ni mjukuu wake, kijana aliyefundishwa kazi na babu yake. Jiwe lenyewe alilipandisha mzee kwa bega lake alfajiri, kabla watu hawajafika. Lilipokaa kwenye udongo wa saruji, mzee aliinama, akaweka pima maji juu yake, akaangalia kwa muda mrefu huku sote tumenyamaza.

"Limelala kidogo kushoto," alisema.

Kijana akaligonga kwa mpini wa mwiko.