Kasuku wa kijivu: yai la pangoni, yai la kizimbani

Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, hajengi kiota. Hakusanyi majani wala hasuki vijiti. Hutafuta pango lililokwisha kuwepo ndani ya mti mkubwa: shimo lililoachwa na kigong'ota, au mahali tawi lilipovunjika na mbao zikaoza. Mara nyingi pango hilo huwa mita 10 hadi 30 juu ya ardhi. Katika Afrika ya Kati mlimba ni mmoja wa miti anayoichagua, kwa sababu shina lake huenda juu bila matawi. Jike na dume huitengeneza nyumba waliyoikuta kwa kuguguna kuta za ndani, na unga wa mbao unaoanguka ndio unaokuwa tandiko la mayai.

Ndege wengi wa Ulaya hutambua msimu wa kutaga kwa kurefuka kwa mchana. Kasuku wa Tshopo, jimbo la Kongo ambalo mji wake mkuu ni Kisangani, hana saa ya namna hiyo. Uwanja wa ndege wa Bangboka, kilomita 17 hivi mashariki ya Kisangani, uko karibu nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, na hapo mchana mrefu kuliko yote kwa mwaka unauzidi ule mfupi kwa dakika chache. Mwili wa jike hungoja ishara nyingine: chakula cha kutosha, majira ya mvua, mwenzi anayemlisha na pango lenye giza. Dume hucheua chakula na kumtia mdomoni, jambo ambalo watu huliona kuwa mapenzi tu. Kumbe ni ushahidi pia kwamba chakula kipo cha kulea.

Jike hutaga mayai 2 hadi 4, mara chache 5, akiachia siku kadhaa kati ya yai na yai. Ni meupe, bila madoa. Ndege anayetaga mahali pa wazi huhitaji mayai yenye rangi za kujificha. Ndani ya shina giza linatosha. Huatamia peke yake kwa mwezi mmoja hivi, na dume humletea chakula. Hapa kasuku hutofautiana na kokateli, ndege mdogo wa Australia afugwaye sana duniani: kwa kokateli baba na mama hupokezana juu ya mayai 4 hadi 7, nayo huanguliwa baada ya wiki 3 hivi.

Kwa kuwa jike hulalia mayai kabla hajamaliza kutaga, makinda hayatoki siku moja, na ndugu wa kiota kimoja huonekana kama wa rika tofauti. Hutoka vipofu, wakiwa na manyoya machache laini, na hukaa pangoni karibu wiki 12. Kinda hutambulikana kwa macho yake meusi. Manjano hafifu ya ndege mzima huja baadaye, polepole.

Kwa miaka mingi kasuku waliokamatwa msituni, wengi kwa ulimbo na ndege wa chambo, walikusanywa Kisangani na kupakiwa ndege kwenda Kinshasa na ng'ambo. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, zikikutana Johannesburg, ziliamua kumweka kwenye Kiambatisho cha kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imepigwa marufuku. Waliobaki majumbani wanaendelea kuishi, kwani maisha yao ni marefu, na baadhi yao hutaga.

Kutaga hakuhitaji dume. Jike mpweke hutaga mayai yasiyo na mbegu, kama kuku asiye na jogoo, na mara nyingi nyumba yenyewe ndiyo inayomchochea. Sanduku, pembe ya kabati au kikapu kilichofunikwa humwambia kwamba pango limepatikana; mkono unaompapasa mgongo huchukua nafasi ya mwenzi; sahani isiyokauka chakula hutangaza neema isiyo na mwisho. Msituni ishara hizi hupita. Sebuleni hukaa mwaka mzima.

Gamba la yai ni chokaa, na chokaa hiyo hutoka katika damu na mifupa ya jike. Kasuku wa kijivu anajulikana kwa upungufu wake, hasa akilishwa karanga na mbegu za alizeti peke yake, au akifungiwa ndani bila jua. Dalili ni kutetemeka, kuanguka, hata degedege. Msuli usio na chokaa hushindwa pia kulisukuma yai, nalo likikwama ndege hutuna manyoya, hushuka sakafuni na kukaza mwili bila mafanikio. Hiyo ni dharura ya daktari wa mifugo. Kulivuta yai kwa vidole kunaweza kulipasua ndani na kumuua mama.

Wafugaji wengi huyatupa mayai yasiyo na mbegu mara tu yanapoonekana. Ni kosa: jike huyahesabu kuwa yamepotea na huweza kutaga mengine, kwa chokaa ileile iliyokwisha pungua. Yaachwe chini yake mpaka ayachoke mwenyewe, kwa kawaida baada ya wiki kadhaa, ndipo yaondolewe pamoja na sanduku.