Nukta, mkato na sifuri katika dozi

Kasulo, wilayani Ngara, iko jirani na Rwanda na Burundi, ambako desturi ya Kifaransa huandika desimali kwa mkato. Cheti chenye miligramu 2,5 kikiingizwa katika programu isiyoutambua mkato, huweza kusomeka 25.

Kompyuta nayo huhifadhi namba kwa 0 na 1 tu, hivyo 0.1 haikai kamili: ikijumlishwa na 0.2, programu isiyoelekezwa kukadiria huweza kuchapa 0.30000000000000004. Hilo, angalau, huonekana upesi. Sifuri ndiyo hatari zaidi. Nukta ikififia kwenye lebo, 5.0 husomeka 50 na .5 husomeka 5. Dozi mara kumi. Programu ya dawa na iandike 5 na 0.5, na mgonjwa anayetilia shaka lebo aulize kabla ya kumeza.