Daktari, naomba dawa ya kusahau

Wiki iliyopita niliulizwa mara tatu. Mara ya kwanza kwa simu, saa nne usiku. Mara ya pili msibani, sahani ya pilau mkononi. Mara ya tatu kliniki: mama mmoja alimleta binti yake, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, akamsemea kila kitu, hata salamu yangu akaiitikia yeye. Swali ni lile lile ninaloulizwa tangu nianze kazi ya saikolojia tiba hapa Mwanza: "Daktari, hamna dawa ya kusahau?"

Hamna. Nimekuwa nikilijibu kwa upole na kwa maelezo marefu. Leo nalijibu gazetini ili nikiulizwa tena nitoe ukurasa.

Anayeuliza huwa amekwisha kupata tiba ya nyumbani. Ajali imetokea, au nyumba imevamiwa, au mtoto amefia mikononi. Shangazi amesema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Jirani ameonya asitoneshwe kidonda. Picha ya marehemu imeondolewa ukutani, nguo zimegawanywa, jina halitajwi tena mezani, na nyumba nzima inatembea kwa kunyata. Miezi minane baadaye ndipo wananiletea mtu asiyelala.

Methali hiyo naipenda, na nimeiona ikimaliza ugomvi wa mpaka wa shamba mbele ya wazee watano. Lakini isomeni vizuri. Inazungumzia yaliyopita. Shida yote ya mwenye kiwewe ni kwamba yake hayajapita: breki za lori zikilia nje, mwili wake haukumbuki siku ya ajali, umo ndani ya siku ya ajali, na kijasho kinamtoka akiwa amekaa kwenye kochi lake.

La kidonda ndilo linalonikera zaidi, maana linasikika kama utabibu. Ni kweli kwamba wengi waliopatwa na jambo zito hutulia wenyewe katika wiki na miezi ya mwanzo, bila mimi wala mwenzangu yeyote. Hao siwaongelei. Naongelea yule ambaye mwezi umepita, nusu mwaka imepita, na bado anaota yale yale, anaruka mlango ukibamizwa, anazunguka mtaa wa pili ili asipite pale alipogongwa. Huyu hapungukiwi kusahau. Kazi ya kusahau anaifanya kutwa kucha, na ndiyo inayomuumiza.

Chukua dereva wa bodaboda aliyenusurika kifo kwenye kipilefti. Asubuhi anakikaribia, moyo unadunda, anakata kona kupitia vichochoroni. Moyo unatulia. Ahueni ile ni tamu na inakuja papo hapo, na mwili unashika somo moja tu: nimepona kwa sababu nimekimbia. Kesho woga unaanza mita mia mbili kabla. Baada ya mwezi barabara ile haipiti kabisa. Baada ya mwaka pikipiki imeuzwa, na familia inashangaa woga wa kipilefti umemfikishaje mtu asitoke getini.

Ndani ya kichwa mambo ni hayo hayo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na kila atakapowajia wagonge kengele. Kengele zikalia. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, aliwajia mara nyingi kuliko alivyowajia wenzao ambao hawakukatazwa mwanzoni. Na huyo ni dubu ambaye hakuwahi kumdhuru mtu yeyote mle chumbani. Halafu unamwambia mjane, "Jitahidi usiifikirie ile siku."

Nitoe mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo kadhaa ili mwenyewe asitambulike. Mama mfanyabiashara wa dagaa. Boti aliyopanda kutoka visiwani ilipinduka usiku. Yeye alitoka, mdogo wake wa kike hakutoka. Tangu hapo hakukanyaga boti wala pantoni. Mumewe, mtu mwema na mwenye subira, akaamua kulisubiri daraja. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, alinipigia kwa furaha: "Sasa si tatizo limekwisha, daktari? Ataenda Sengerema kwa basi." Safari ya kwanza mkewe alijifunika khanga usoni daraja zima. Safari ya pili alishuka Kigongo, kabla basi halijapanda darajani, akarudi mjini kwa bodaboda. Ya tatu haikuwepo. Kufikia hapo hakuwa anaogopa boti peke yake. Aliogopa maji, kisha upepo wa jioni, kisha kulala bila taa.

Alipokuja kwangu alisimulia ajali kwa sentensi mbili. "Boti ikapinduka. Nikajikuta ufukweni." Kati ya sentensi hizo kulikuwa na usiku mzima, na tiba yote ilikuwa kwenye ile nukta.

Tuliyoitumia iliandaliwa na Edna Foa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania: kwa kawaida vikao 8 hadi 15, kila kimoja kama dakika 90. Mtu anafumba macho na kusimulia kana kwamba mambo yanatokea sasa, "naona", "nasikia", kuanzia kabla ya tukio hadi hatari ilipokwisha. Akimaliza, anarudia. Anajirekodi, na nyumbani anasikiliza kila siku. Kabla hatujaanza nilimuuliza anaogopa nini akiisimulia yote. Akasema: "Nitarukwa na akili." Nikaandika maneno hayo kwenye karatasi, na tarehe juu. Kikao kile alilia, akatetemeka, akaomba maji. Hakurukwa na akili. Tukaitazama karatasi pamoja. Somo hilo mwili haulipati kwa kuambiwa, hata uambiwe na nani. (Wengi hudhani dawa ni kulia mpaka machozi yaishe. Machozi hayana pipa linalokauka; ingekuwa hivyo misiba yetu ingetosha kututibu sote.)

Wiki ya pili niliona hakuna nafuu. Nikamuuliza rekodi anaisikilizaje. "Naosha vyombo huku nasikiliza, daktari, na redio nimewasha." Nilikasirika, nakiri. Huko ni kukimbia ukiwa umesimama palepale.

Siku zote alikuwa anajilaumu kwa maneno mawili: nilimwachia mkono. Kikao cha tano nilimpunguza mwendo kuliko kawaida. Mkono wako wa kulia umeshika nini sasa hivi? Akasema: kitenge. Kitenge cha mdogo wake, ambacho muda wote ule kilikuwa kwenye sanduku chumbani kwake. Akanyamaza mpaka nikasikia feni. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepiga hesabu ya magunia: "Aliyeachia habaki na kitambaa mkononi." Hakuna siri iliyofukuliwa pale, kitenge alikijua. Ila hakuwahi kukaa na usiku ule kwa muda wa kutosha kukiweka mahali pake. Kwamba hakuwa na kosa, shangazi alikwisha kumwambia mara mia, na mimi ningemwambia ya mia na moja bila faida.

Sambamba na hayo alipanda ngazi ya vitendo: kusimama ukingoni mwa maji pale Mwaloni Kirumba, kukanyaga pantoni ikiwa imetia nanga, kuvuka mchana, kuvuka jioni. Siku ya kwanza ya kuvuka alikuja na dumu tupu la lita 20, amelipakata kama mtoto. Litokee la kutokea, aelee nalo. Nilimwambia aliache. Jaketi okozi avae, hilo si woga, hilo ni akili: ziwa hili limeimeza MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, na sina mpango wa kumfundisha mtu kwamba maji hayaui. Lakini mwenye dumu akifika ng'ambo salama, sifa zote zinakwenda kwa dumu. Kesho atataka mawili.

Na valiamu ni dumu la kumeza. Vile vidonge vitano ndani ya karatasi iliyokunjwa, bila cheti, "vya usingizi tu, mama", vimenipotezea wagonjwa wengi kuliko mganga yeyote. Vinatuliza, sibishi. Vinatuliza haraka mno, na mwili unaandika: nimevuka usiku kwa kidonge. Kumbukumbu inabaki ilivyo, mwili unaizoea dawa, dozi inapanda, na aliyevitumia kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupata degedege. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilishauri watu wazima wasipewe dawa za jamii hiyo kupunguza dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio, yaani hasa wakati ambao sisi hukimbilia kuzigawa. Anayezitumia sasa asiziache leo kwa kunisoma mimi. Aende kwa daktari apunguziwe polepole. Pombe nayo ni dumu, tena lenye tundu. Na yule bwana anayebandika namba yake kwenye nguzo za umeme akitangaza dawa ya kusahau, wateja wake nimewapokea. Wanakumbuka kila kitu, pamoja na kiasi walichomlipa.

Sasa msikimbilie upande wa pili. Kumtosa majini mtoto anayeogopa maji, huku wajomba wanacheka, si tiba ninayoizungumzia. Mtoto yule anajifunza kwamba maji yanatisha na wajomba hawaaminiki. Wala kuwakusanya manusura siku ya pili baada ya ajali na kumtaka kila mmoja asimulie aliyoyaona. Shirika hilo hilo linashauri hilo lisifanyike. Siku za mwanzo mtu anahitaji maji ya kunywa, blanketi, simu ya kupiga nyumbani na mtu wa kukaa naye. Akitaka kusema, aseme. Asipotaka, aachwe.

Kuna na wale wa "hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tumekomaa". Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia waliokuwa na kiwewe waligawanywa: wengine walipewa tiba ya kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, wengine ushauri nasaha uliolenga kiwewe, wengine walifuatiliwa tu. Waliotoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Miezi 9 baadaye, kwenye tiba ya simulizi asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa huo. Kwenye ushauri nasaha asilimia 65. Kwa waliofuatiliwa tu asilimia 37. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Hiyo asilimia 65 iwanyamazishe wenzangu wanaodhani mbinu yao ndiyo pekee. Hiyo 37 impe shangazi haki yake, maana wapo wanaopona wenyewe. Lakini pengo lililobaki kati ya 37 na 70 ni watu, na tunawaacha humo kwa methali.

Basi, kwa wenye haraka. Dalili zikizidi mwezi na zikiharibu usingizi, kazi au ndoa, nenda kitengo cha afya ya akili, hospitali za rufaa za mikoa ndiko pa kuanzia, na uulize: mnafanya tiba ya kuikabili kumbukumbu, au mnatoa nasaha na kutuombea heri? Aliyepitia mengi, vita au utoto wa kipigo, tiba ya simulizi inamfaa: kamba inatandazwa sakafuni kuwa maisha yake, maua yanawekwa penye mema, mawe penye mabaya, kisha kila jiwe linasimuliwa kwa zamu. Anayetafunwa na hatia au aibu zaidi ya woga aulizie tiba ya Patricia Resick, inayobishana na fikra zilizoachwa na tukio. Mashariki mwa Kongo ilitolewa kwa vikundi vya wanawake waliopitia ukatili wa kingono, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, na ikawasaidia sana. Ipo ya kufuatisha macho kwenye kidole cha mtaalamu: inafanya kazi, ingawa bado tunabishana kama macho ndiyo yanayotibu. Dawa halali zipo, setralini kwa mfano. Hazifuti kitu, zinapunguza makali, na zinachukua wiki kadhaa. Anayewaza kujiua, anayesikia sauti, anayelewa kila siku, au anayeishi bado na mtu anayempiga, aanze na usalama; simulizi zitasubiri. Woga mdogo, wa mbwa au wa lifti, jitengenezee ngazi yako, panda moja moja, usishuke moyo ukiwa bado unakimbia. Kumbukumbu nzito usiianze peke yako usiku wa manane.

Na wewe shangazi: akianza kusimulia, zima televisheni, kaa. Usimhoji kama polisi. Akinyamaza, nyamaza naye. Ile picha irudishe ukutani, ila muulize kwanza anataka iwekwe wapi.