Nyama ya bei rahisi yaweza kukufikisha kizimbani

MKAZI wa Lucky Summer, jijini Nairobi, anayeletewa nyama mlangoni jioni kwa bei nafuu kuliko ya buchani, huenda asijiulize imetoka wapi. Iwapo ni ya mnyamapori, sheria haitajali kwamba hajawahi kutega hata sungura. Kupatikana nayo ni kosa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na nyara nyinginezo. Wengi hudhani marufuku hiyo inahusu mbuga pekee. Sivyo. Paa aliye katika shamba la mtu binafsi analindwa vilevile, na mwenye shamba hawezi kumchinja apendavyo. Hadi mwaka wa 2003 baadhi ya ranchi ziliruhusiwa kupunguza idadi ya wanyama wao na kuuza nyama, kisha mpango huo ukasitishwa.

Sheria ya wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilitenganisha makosa mawili. Anayewinda ili apate kitoweo aliwekewa faini isiyopungua Sh30,000, kifungo kisichopungua miezi sita, au yote mawili. Kwa anayewinda ili auze, au anayepatikana na nyama hiyo, kiwango cha chini kilikuwa Sh200,000 au mwaka mmoja gerezani. Yaani mnunuzi aliwekwa kundi moja na mfanyabiashara, wala si na mwenye njaa. Huo ni ukali ambao wapishi wengi mitaani hawaujui.

Kinga iliyopo ni muhuri wa mkaguzi wa nyama. Mnunuzi auone ukiwa kwenye mzoga, kabla ya kukatwa, kwani minofu ya pundamilia iliyotolewa mifupa hufanana mno na ya ng'ombe. Isitoshe, nyama isiyokaguliwa yaweza kuwa na kimeta, maradhi yanayoua watu na mifugo.

Kwa uvuvi, masharti hutegemea mahali. Katika mbuga ya baharini ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, hairuhusiwi kuvua kabisa, ilhali katika hifadhi inayopakana nayo wavuvi wanaotumia mbinu za kienyeji huruhusiwa. Huko Aberdare na Mlima Kenya, mgeni aweza kuvua samaki aina ya trauti kwa ndoana, mradi awe na kibali. Mwenye kufunga safari na ndoana mkobani aulize kwanza maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) langoni.