Tahadhari na bei ya kwanza

Mchuuzi wa mitumba anakwambia koti ni Sh2,000. Unalalamika, unageuka kuondoka, mwishowe unalipa Sh1,200 na kwenda nyumbani ukijipongeza. Lakini je, kabla hajafungua kinywa, ungelitolea koti hilo pesa ngapi? Pengine Sh600.

Msomaji, ulinaswa na nambari ya kwanza. Wanasaikolojia wawili Waisraeli, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walieleza mwaka wa 1974 kwamba nambari ya kwanza huishika akili kama nanga inavyoshika meli. Mtu husogea kidogo kutoka hapo, kisha husimama.

Walizungusha gurudumu la nambari mbele ya watu, likasimama kwenye 10 au 65. Kisha waliwauliza: mataifa ya Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Kadirio la kati la walioona 10 lilikuwa asilimia 25. La walioona 65 lilikuwa 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika, lakini liliwaongoza. Hata kuahidiwa pesa kwa jibu zuri hakukuwasaidia.

Wanafunzi wa shule ya upili nao walipewa sekunde 5 wakadirie hesabu. Kundi moja lilipewa 8×7×6×5×4×3×2×1, jingine 1×2×3×4×5×6×7×8. Hesabu ni ile ile. Hata hivyo, kadirio la kati la kundi la kwanza lilikuwa 2,250, la pili 512. Jibu ni 40,320! Wajaribu watoto wako leo jioni.

Hasara kubwa zaidi haiko sokoni. Kijana aliyetoka chuoni huulizwa na mwajiri, "Utatosheka na Sh15,000?" Naye, kwa woga, huomba 17,000, ilhali wenzake wa kazi hiyo hulipwa 30,000. Makosa ya dakika moja humfuata miaka mingi.

Dawa ni kwenda na nambari yako mwenyewe. Uliza bei katika vibanda vitatu. Uliza mshahara kwa walio kazini. Andika kiwango chako kwenye karatasi kabla ya mazungumzo. Na ukitajiwa bei ya kuchekesha, usianze kuishusha. Ikatae kabisa, kisha utaje yako.

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.