Pampu ya Tangi la Choo cha Boti: Tafuta Kosa Kabla ya Kununua Nyingine



Katika ukaguzi wa vitabu vya chama kimoja cha msingi chenye boti ya abiria na samaki, nilikuta hati tatu za malipo ya pampu katika muda usiozidi miezi 18. Zote zilikuwa za kazi moja: kuondoa maji machafu katika tangi la choo cha boti. Pampu mbili zilizotolewa zilikuwamo stoo, ndani ya gunia. Ya tatu ilikuwa imefungwa botini, nayo imekwisha kuanza kugoma. Tulizijaribu zile mbili kwa ndoo ya maji, na zote zilivuta vizuri. Kosa lilikuwa katika bomba la kupumulia la tangi, ambalo lilizibwa na kiota cha nyigu.

Hasara ya fedha ni kubwa, lakini iko iliyo kubwa zaidi. Siku zote ambazo pampu ilidhaniwa kuwa imekufa, koki ya chini ilifunguliwa na uchafu ukaachiwa ziwani.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, lakini mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Sehemu kubwa ya maji hupotea kwa mvuke, na mvuke hauchukui uchafu. Jiji la Mwanza huteka maji yake humo humo, Capri Point na Butimba, na wakazi wengi wa visiwani huteka kwa ndoo. Kipindupindu huenea kwa maji yaliyoingiwa na kinyesi. Kadhalika kichocho cha tumbo, kilichoenea pwani zetu, Ukerewe ikiwamo: mayai yake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, huanguliwa majini, vijidudu huingia katika konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mvuvi au mtoto anayeoga. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu kuchafua maji namna hiyo.

JINSI PAMPU INAVYOFANYA KAZI

Pampu iliyo ya kawaida katika kazi hii ina kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka, kwa mpini au kwa mota, na vali mbili za mpira. Moja huruhusu maji kuingia, nyingine kutoka, na hakuna inayoruhusu kurudi nyuma. Kiwambo kikipanda, hupunguza hewa ndani ya pampu. Ndipo hewa iliyo juu ya maji katika tangi inapoyasukuma kuelekea kwenye pampu. Ni sawa na mtu anywaye kwa mrija. Mrija ukiwa na ufa atavuta hewa tupu, hata kama mapafu yake ni mazima.

JARIBIO LA NDOO

Kabla ya kufungua skrubu yoyote ya pampu, funga koki ya tangi, vaa glovu, ukachomoe mpira wa kuvutia upande wa tangi na kuutumbukiza katika ndoo ya maji safi. Maji yatakayotoka yaelekezwe katika chombo, wala si ziwani. Pampu ikivuta, basi pampu na mpira huo ni vizima, na kosa liko katika tangi, koki yake au bomba la kupumulia. Isipovuta, kosa liko katika mpira, pampu au njia ya kutolea. Jaribio hili huchukua dakika chache, nalo lingekiokolea chama nilichokitaja bei ya pampu mbili.

DALILI NA MAANA YAKE

(a) Pampu huanza vizuri, kisha hulegea. Choo hutoa mapovu au harufu. Tazama bomba la kupumulia. Kila mmoja wetu amewahi kumimina mafuta kutoka katika debe lenye tundu moja: hutoka kwa kukwama-kwama mpaka litobolewe tundu la pili. Tangi nalo halitoi maji iwapo hewa haiingii mahali pake. Mdomo wa bomba huzibwa na nyigu, rangi iliyopakwa ovyo, au wale wadudu wa ziwani wajao kama moshi. Hii ndiyo sababu kila pampu mpya ilifanya kazi siku ya kwanza: tangi lilifunguliwa wakati wa kuifunga, hewa ikaingia. Zibua kwa waya, kisha funga wavu mdomoni.

(b) Mpini ni mwepesi na hakuna kitokacho. Pampu inavuta hewa. Kaza vibano vya mpira upande wa kuvutia, ukatafute ufa. Visipokuwapo, fungua pampu: kiwambo kimepasuka, au vali imezuiwa kufunga na kitambaa au kijiti.

(c) Mpini ni mgumu, au mota inalia bila kuzunguka. Zima mota kwanza. Mara nyingi njia ya kutolea imefungwa: koki haikufunguliwa, mpira umekunjika, au ndani yake umeganda ukoko mweupe wa mkojo. Ukoko hulegezwa kwa kuuloweka mpira katika siki usiku kucha. Njia ikiwa wazi, tafuta kitu kilichokwama ndani ya pampu.

(d) Mota iko kimya kabisa. Kagua fyuzi, vichwa vya betri vilivyoota kutu, na viungo vya nyaya. Waya mwembazi au ulioliwa na kutu hupunguza nguvu ya umeme hata mota nzima ikaonekana mbovu.

TAHADHARI

Mtu yeyote asiingize kichwa wala kiwiliwili ndani ya tangi. Hewa yake yaweza kuua kwa dakika chache, na ile inukayo kama yai viza hulevya pua, hata mtu akadhani imekwisha. Akizimia mmoja, mwenziwe asimfuate ndani. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu, kwani hewa hiyo hushika moto. Usichanganye siki au asidi na dawa ya klorini, maana huzaa hewa ya sumu. Usisafishe mipira kwa petroli wala dizeli, kwa kuwa huiharibu.

WAJIBU WA CHAMA

Kwanza, stoo iwe na kiwambo kimoja, vali mbili, vibano na fyuzi za akiba. Vitu hivi vyote ni vya bei ndogo kuliko pampu nzima. Pili, pampu ikiwa nzima, nahodha ahesabu mipigo inayojaza debe moja la maji safi na kuiandika ukutani, kisha arudie kila mwezi. Mipigo ikiongezeka, kiwambo au vali zimechoka. Tatu, hati ya malipo ya pampu mpya isitiwe sahihi mpaka iambatanishwe na maelezo ya jaribio la ndoo na pampu ya zamani irudishwe stoo. Nne, koki ya kutolea ziwani ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae kwa nahodha. Tangi likijaa na pampu ikagoma, choo kifungwe, abiria waelezwe, na tangi likatolewe nchi kavu kwa gari la majitaka.

Abiria watalalamika kwa safari moja. Lakini maji yale yale ndiyo watakayochota jioni wafikapo kwao, na baadhi yao ndio wenye boti.